Kina Huamuliwa Nchi Kavu

Kalundu, Uvira

Wajukuu zangu, watoto wa dada zangu, na ninyi vijana wote mnaoshuka chini ya maji kuanzia Kavimvira mpaka Makobola,

Naandika wakati mkono bado unashika kalamu. Daktari amesema lake kuhusu moyo wangu, nami sina ugomvi naye. Miaka niliyopewa inatosha. Kilichobaki ni kugawa nilicho nacho. Shamba sina. Nyumba ya chini mnajua ilikwenda na maji, ziwa lilipopanda kuanzia mwaka 2020 likameza nyumba, barabara na sehemu ya bandari yetu. Nina kompresa moja, chupa za kuzamia, vifaa vya kupumulia, saa ya kina, na maarifa ya kazi. Vyombo nitavitaja mwishoni, kila kimoja na mwenyewe. Maarifa yatangulie, kwa sababu atakayerithi chupa bila maarifa atakuwa amerithi jeneza.

Jambo lenyewe ni oksijeni. Nasikia pale bandarini maneno yanayoninyima usingizi. Mmoja anasema chupa ikiongezwa oksijeni ya mafundi wa sudure wanaochomea vyuma, mtu anakaa chini muda mrefu. Mwingine anasema oksijeni ya hospitali ni safi kuliko hewa ya kompresa, kwa hiyo anayeivuta atafika kina ambacho wenzake hawafiki. Naelewa maneno haya yalikotoka. Wakati wa Korona tulisikia watu wakifa kwa kukosa chupa moja ya oksijeni, familia zikiuza mbuzi na mabati ili mgonjwa apumue, na tangu siku hizo oksijeni imekuwa kwetu jina lingine la uhai. Kitandani, juu ya nchi, ni kweli. Chini ya maji oksijeni ile ile ina kipimo, na ukikipita itakuangusha kwa degedege, mdomo wako ukiwa ndani ya ziwa.

Kaeni niwaeleze, maana amri isiyoelezwa kijana huivunja siku ya kwanza anapoona dola.

Hewa tunayovuta ina sehemu 21 za oksijeni katika kila 100. Karibu zote zilizobaki ni naitrojeni. Mwili haujali sehemu hizo ni ngapi. Unachojali ni oksijeni inasukumwa ndani ya damu kwa nguvu gani, na nguvu hiyo inategemea uzito wa kila kitu kilicho juu yako. Wataalamu huupima kwa baa. Ufukweni mwa bahari, hewa yote iliyo juu ya mtu inamkandamiza kwa baa 1 na kidogo. Ziwa letu liko juu, karibu mita 775 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hapa Kalundu hewa inatukandamiza kwa baa 0.92 hivi. Ukishuka majini, kila mita 10 zinaongeza karibu baa 1 nyingine. Kwenye mita 20 una baa 2.9 juu yako. Kwenye mita 40 una 4.8.

Sasa chukueni ile sehemu ya oksijeni. Juu ya maji hapa kwetu inamsukuma mtu kwa baa 0.19 tu. Akishuka na hewa ya kawaida mpaka mita 20, inakuwa 0.6. Mita 40, inapita 1. Karibu na mita 58 inafika 1.4, na hapo ndipo wazamiaji wa dunia nzima walipochora mstari kwa mtu anayefanya kazi. Mstari wa pili uko 1.6, nao ni wa mtu aliyetulia, anayesubiri tu kupanda, asiyevuta kamba wala kuinua chuma. Hata hapo kuna saa: kwa 1.4 mtu asizidishe dakika 150, kwa 1.6 asizidishe 45. Tazameni jinsi dakika zinavyoporomoka kwa tofauti ndogo ya 0.2.

Hiyo ni hewa ya kawaida. Mkiweka oksijeni tupu ndani ya chupa, mstari wa 1.4 unaukuta kwenye mita 5. Mita 5! Ni pale ambapo mtoto wa Kalundu anazama bila kifaa chochote kuokota sufuria iliyomponyoka mama yake. Kwenye mita 20 oksijeni tupu inamsukuma mtu kwa baa 2.9, mara mbili ya kikomo. Na msiseme mtachanganya nusu kwa nusu, kwa sababu nimeshasikia hesabu hiyo pia. Chupa iliyojazwa nusu hewa na nusu oksijeni ina sehemu 60 za oksijeni katika 100, na inafika 1.4 kwenye mita 14. Motaboti nyingi mnazotumwa kuziinua zimelala chini zaidi ya hapo.

Wapo watakaowaambia kwamba wazungu wanaokuja kuangalia samaki huzama na hewa iliyoongezwa oksijeni. Ni kweli, mimi mwenyewe nimeivuta. Ina sehemu 32 au 36, imepimwa kwa mashine kabla ya kufungwa, na kipimo kimeandikwa juu ya chupa pamoja na kina kisichopitwa. Ile ya 32 vitabu vya bahari vinaisimamisha kwenye mita 33, nanyi hapa ziwani ishikeni hapo hapo. Lakini sikilizeni vizuri sababu ya kuitumia. Oksijeni ikizidi, naitrojeni inapungua, na mtu anaweza kukaa muda mrefu zaidi katika kina cha kawaida bila viungo vyake kujaa mapovu anapopanda. Haikutengenezwa ili mtu ashuke zaidi. Inamlazimisha kushuka kidogo kuliko mwenye hewa ya kawaida. Anayesema kinyume chake hajui, au anataka mzigo wake utoke majini kwa gharama yoyote, mradi gharama isiwe yake.

Kwa nini kitu cha uhai kiue? Mmekua mkiona karabai za wavuvi wa ndagala zikiwaka usiku mzima. Mvuvi akipiga pampu kwa kiasi, taa inatoa mwanga mweupe unaovuta samaki kutoka mbali. Akiendelea kupiga, mwali unakuwa mkali mpaka ule utambi wa kitambaa unapasuka. Mwili nao unachoma chakula kwa oksijeni, na kila unapochoma, zinatoka chembe kali zinazoweza kuharibu nyama na mishipa. Mungu ameweka ndani yetu walinzi wa kuzizima chembe hizo. Kwa oksijeni ya kawaida walinzi wanatosha. Kwa oksijeni iliyosukumwa na maji wanazidiwa, na mahali panapozidiwa mapema ni ubongo. Mapafu nayo huumia, lakini yanachukua saa nyingi: kikohozi, kifua kuchoma, pumzi kuwa fupi. Mzamiaji wa Kalundu hatafika huko, atakuwa ameshakufa kwa lile la kwanza.

Haya hayakugunduliwa jana. Mfaransa Paul Bert aliyaandika mwaka 1878, baada ya kuwafungia ndege na wanyama ndani ya vyumba vya shinikizo na kuwaona wakipatwa na degedege. Wakati wa vita kuu ya pili, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, Kenneth Donald, alipewa kazi ya kuwachunguza wapiga mbizi waliokuwa wakivuta oksijeni tupu ili mapovu yao yasionekane na adui. Walikuwa vijana wenye afya, waliochaguliwa, na wote walijitolea. Aliyoyapata yanafaa kukaririwa na kila mmoja wenu. Mtu akiwa ndani ya maji anaanguka mapema kuliko akiwa kwenye chumba kikavu chenye shinikizo lile lile. Akifanya kazi ya nguvu anaanguka mapema kuliko akitulia. Na la kutisha zaidi: mtu yule yule, kwa kina kile kile, leo anaweza kukaa muda mrefu bila dalili yoyote, na siku nyingine akaanguka baada ya dakika chache. Donald alipomaliza alisema oksijeni tupu isitumiwe chini ya futi 25, ambazo hazifiki hata mita 8.

Rudieni hapo pa mtu yule yule, maana ndipo vijana wengi wanapodanganyika. Umeshuka Jumatatu na chupa ya mchanganyiko, ukarudi salama, ukalipwa. Jumanne umeshuka tena. Jumatano unawacheka wazee. Hujajifunza chochote kuhusu Alhamisi. Oksijeni haina mazoea na mtu. Pombe ukiizoea unaongeza chupa, mzigo ukiuzoea unaongeza gunia, lakini hakuna aliyezoea oksijeni ya kina.

Dalili zipo, nami nitazitaja kwa sababu ni haki yenu kuzijua. Macho yanaanza kuona kama ndani ya bomba. Masikio yanalia. Kichefuchefu kinakuja. Midomo na misuli ya uso inachezacheza, hasa karibu na kile kifaa cha kupumulia. Mtu anakuwa na hasira au wasiwasi bila sababu, kizunguzungu kinamshika. Ukiona moja kati ya hayo, acha kila kitu, hata kama mkononi una injini ya Yamaha, na upande taratibu. Lakini msitegemee dalili. Mara nyingi degedege linakuja bila kubisha hodi. Tena kuanzia kwenye mita 30 naitrojeni ya hewa inamlevya mtu, anakuwa na furaha ya bure na akili nzito, na mlevi hawezi kutambua kwamba mdomo wake unacheza. Ongezeni juu yake pumzi chafu: mtu anayevuta kamba kwa nguvu, au anayebana pumzi ili chupa isiishe haraka, anajaza mwili wake hewa ile ya kutoa, na hiyo inaufungulia ubongo mlango oksijeni iingie kwa wingi zaidi. Tabia ya kubana pumzi naijua, mnaifanya kwa ubahili wa petroli ya kompresa. Iacheni.

Nilimwona mtu akiondoka hivyo. Alikuwa mtu wa nguvu, mpole, mwimbaji kanisani, na mfanyabiashara mmoja alikuwa ametuajiri kutoa mzigo uliozama. Chupa yake ilikuwa imeongezwa oksijeni na mtu aliyelipwa kuijaza. Alinionyesha kwa kidole kwamba yuko sawa. Nikageuka kufunga fundo, nikarudisha macho, na mwili wake ulikuwa umekakamaa, kisha ukaanza kutikisika wote, kifaa kimetoka mdomoni. Tulimpandisha, lakini maji yalikuwa yameshaingia. Degedege lenyewe halikumuua, juu ya mkeka angeamka baada ya muda akiuliza yuko wapi. Aliyemuua ni ziwa, kwa sababu degedege lilimkuta ndani yake.

Kilichofuata kiliniumiza kuliko kifo chenyewe. Matangani watu walianza kunong'ona. Wengine walisema mambamutu, yule kiumbe wa hadithi za ziwani, amemchukua. Wengine wakasema ni karuho, kwamba kuna aliyemtilia sumu kwenye chakula, na macho yote yakamgeukia shangazi yake mzee aliyempikia asubuhi ile. Mama yule aliishi miaka yake iliyobaki akisalimiwa kwa mbali. Mnajua katika nchi yetu uvumi wa namna hiyo unaweza kumfikisha mtu wapi. Kwa hiyo hesabu ninayowafundisha hapa hailindi mzamiaji peke yake. Mtu akifa majini na familia yake ikajua alikuwa na nini ndani ya chupa na alifika mita ngapi, hakuna shangazi atakayenyooshewa kidole. Andikeni. Kila mnaposhuka, daftari libaki juu na mtu anayejua kusoma: nani, chupa gani, imejazwa nini, kina gani, saa ngapi.

Mwenzako akipatwa na degedege chini, fanya hivi. Kama kifaa bado kiko mdomoni mwake, kishike kisitoke, mshike yeye asizame zaidi, ngoja mtikisiko utulie kwanza, ndipo umpandishe. Kama kifaa kimeshatoka, usipoteze muda kukirudisha kati ya meno yaliyobana; mpandishe mara moja, bila kujisahau wewe mwenyewe. Mkifika juu mgeuzeni uso uangalie mbinguni na, kama hapumui, mmpulizie pumzi, kisha apelekwe hospitali hata kama ameamka na anacheka. Na huko hospitali, au ndani ya mtumbwi kama chupa ya dawa ipo, akipewa oksijeni msizuie mkono wa muuguzi mkisema babu alikataza. Juu ya maji oksijeni tupu ni dawa ya aliyekaribia kuzama na ya mwenye mapovu viungoni. Nilichokataza ni kushuka nayo.

Jambo la milima nalipitia haraka, ingawa lingestahili barua yake. Majedwali ya kuzamia mnayoyakuta kwenye vitabu yaliandikwa kwa bahari. Kuanzia mita 300 juu ya bahari hayafai kama yalivyo, na sisi tuko zaidi ya mara mbili ya hapo. Tumieni yale ya maziwa ya juu, au saa inayojua iko wapi. Na aliyezama asipande gari la Bukavu siku hiyo hiyo. Bukavu iko karibu mita 1,500, na mapovu yaliyokuwa yametulia Kalundu yataamkia njiani kwenye mlima wa Ngomo, gari likiwa katikati ya kona, mahali ambapo hakuna wa kukusaidia. Lala Uvira, ngoja saa 24. Hapa kwetu hakuna chumba cha shinikizo cha kumtibu mzamiaji.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu najua ndizo zinazoshusha watu.

Mnashuka kwa mambo mawili. La kwanza ni samaki wa rangi, wale wanaouzwa hai na kusafirishwa kwenda kufugwa ndani ya vioo. Biashara hiyo Pierre Brichard aliifanya kwa miaka mingi akiwa Bujumbura, ng'ambo tu, pale tunapoona taa usiku, na kitabu chake cha mwaka 1989 bado kinasomwa na wapenda samaki wa ziwa hili. Hapa kwetu yuko yule mdogo mweusi mwenye madoa meupe, ambaye akikua madoa yanapotea na kichwa kinakuwa cha buluu. Georges Marlier, aliyekuwa mtafiti katika kituo cha IRSAC hapa Uvira, ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1959: Tropheus duboisi. Huyo anakula majani ya kwenye mawe, na majani yanataka jua. Huhitaji mita 60 kumpata; mita 15 zinatosha sana. Mnunuzi akikuambia kuna samaki wa thamani kubwa chini zaidi, mwulize atamlipa kiasi gani mjane wako.

Na chini kabisa hakuna kitu. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal ya Urusi, na watu wanadhani limejaa samaki mpaka sakafuni. Watafiti wamepima: upande wetu wa kaskazini oksijeni inaishia karibu na mita 100, na kwenda chini maji ni mafu, yana harufu ya mayai yaliyooza, hayana ndagala wala mukeke wala kuhe. Kila kiumbe kilichowahi kutulisha kinaishi katika ngozi nyembamba ya juu. Vijana wanaojisifu kwamba wamegusa kina wamegusa njia ya kwenda kwenye jangwa.

La pili ni vyombo vilivyozama. Tangu maji yapande, kazi imekuwa nyingi: injini, mabati, magunia ya saruji yaliyokwisha kuganda, boti za mizigo zilizopinduka na upepo. Mwenye mali ana haraka, anataka leo. Mwambieni habari ya Liemba, maana kila mtu wa ziwa hili anaijua meli hiyo, japo wengi hawajui ilikuwa wapi kabla. Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa saba mwaka 1916, ikiitwa Graf von Götzen, injini zake zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na ilirudi kwenye safari mwaka 1927. Chuma kilingoja miaka chini ya maji kikatoka kizima. Injini ya huyo tajiri wako inaweza kungoja wiki moja mpaka ipatikane kamba ndefu, mapipa ya kuelea na watu wa kuvuta kutoka juu. Vitu vizito huinuliwa na watu walio juu; mzamiaji kazi yake ni kufunga kamba na kuondoka.

Ndiyo maana nasema kina kiamuliwe nchi kavu. Chini ya maji hakuna uamuzi. Naitrojeni imeshakulevya, tajiri amesimama juu anasubiri, kamba imekwama na zimebaki mita 6 tu kufikia mzigo, na kila mzamiaji aliyekufa alikuwa na sababu nzuri ya kuongeza mita 6. Kaeni ufukweni, mkiwa wakavu na mmeshiba, mseme kwa sauti: leo mita 25. Funga fundo kwenye kamba kwenye mita 25. Ukifika kwenye fundo na mzigo uko chini ya hapo, kazi imeisha, panda ukamwambie mwenye mali atafute njia nyingine. Akikasirika, akasirike. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa bioanuwai wa nchi nne za ziwa hili ulipowafundisha watafiti kuzama kwa chupa, wa kituo cha utafiti cha CRH hapa Uvira wakiwemo, walikuwa watu wenye shahada. Nao walizama kwa mpango uliowekwa kabla, wakihesabu samaki. Kama msomi anatii kamba, wewe na mimi ni nani?

Kwa kazi zetu za hapa naweka mita 30, hewa ya kawaida tu, wawili wawili. Najua hesabu niliyowapa inaruhusu zaidi. Sikuweka mita 30 kwa ajili ya hesabu, nimeziweka kwa ajili ya kompresa kuukuu, kamba za kuungaunga, hospitali iliyo mbali na usiku unaoingia mapema chini ya mlima. Wa bahari wana boti za mwendo na madaktari wa kazi hiyo. Sisi tuna kila mmoja na mwenzake.

Sasa vyombo.

Kompresa inakwenda kwa mpwa wangu mkubwa, kwa sharti kwamba moshi wa injini yake usikaribie bomba la kuvutia hewa, na kichujio kibadilishwe kabla hakijawa cheusi. Kamwe isiunganishwe na chupa ya oksijeni. Ndani ya kompresa kuna mafuta, na oksijeni yenye nguvu ikikutana na mafuta haihitaji kiberiti. Asiyeamini awaulize mafundi wa sudure kwa nini hawagusi koki kwa mikono yenye grisi.

Chupa mbili za chuma ni za mjukuu wangu wa kwanza, na moja ya aluminiamu ni ya dada yake, kwa sababu ana utulivu kuliko ninyi wote na sioni sheria ya Mungu inayomkataza msichana kuzama. Chupa hizo zipelekwe kupimwa kwa maji kabla ya kutumiwa tena. Saa ya kina nayo ni ya msichana huyo. Yeye ndiye atakayekuwa anatamka kina pale ufukweni, na atakachotamka kisijadiliwe na mtu yeyote, hata kaka zake, hata mjomba wake.

Ile chupa ya rangi nyingi iliyoko nyuma ya jiko msiigawe. Niliinunua kutoka kwa mtu aliyehamia Baraka na sikuwahi kujua imewahi kubeba nini. Rangi hailindi mtu, anayepaka anaweza kupaka juu ya chochote, na oksijeni haina harufu wala ladha ya kukuamsha. Chupa ambayo hamjui historia yake, na hamna mashine ya kuipima, isiingie majini. Ifunguliwe koki nje, mbali na moto, iachwe mpaka ikae kimya kabisa, kisha ikatwe na kuuzwa chuma chakavu. Fedha zake apewe bibi yenu.

Daftari langu la kina lisizikwe nami, kama wengine walivyopendekeza. Liwekwe mahali pakavu, na kila anayetaka kujiunga nanyi alisome kwanza, au asomewe kama hakupata shule. Nimeandika ndani yake jedwali la oksijeni kwa kila mita 5, kwa ziwa la mita 775, si la bahari. Linakilini, karatasi yake imeshaanza kulainika.

Barua hii nayo ifanyiwe nakala mbili. Moja ibaki nyumbani. Ya pili mpelekeeni yule fundi wa sudure wa pale bandarini, msimwachie tu mkononi, kaeni naye mpaka amalize kusoma pale nilipoandika habari ya nusu kwa nusu, kwa sababu yeye ndiye atakayeombwa oksijeni, na watakaomwomba watakuja usiku.

Ni mimi babu yenu na mjomba wenu,
Kalundu